Punguzo na Siku Yake ya Angkor

Benchi la Bu Warsi liko pale kona, njia ya hekaluni inapokatana na njia ya sokoni, mbele ya fundi baiskeli. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umesuguliwa na makalio ya wanaume wa Borobudur, hapa kwetu Java, mpaka unang'aa. Asubuhi, kabla mabasi ya wageni hayajafika, hapo ndipo mambo ya dunia yanapoamuliwa. Kahawa ya Bu Warsi ni unga na sukari vilivyomiminiwa maji ya moto ndani ya bilauri. Unangoja machicha yatulie chini, na wakati wa kungoja ndio wakati wa kubishana. Juma lile mada ilikuwa moja tu: Pak Giyarto karudi kutoka ng'ambo, na benchini haonekani.

Giyarto ni mchuuzi; hilo Pak ni heshima tu kwa mzee, kama Bu kwa mama. Anauza sanamu ndogo za mawe na vitambaa vya batiki kwa wageni wanaokuja kuliona hekalu, na watu wanamwita Punguzo, kwa sababu hutangaza punguzo kabla mgeni hajauliza bei. Binti yake wa pekee, Wening, ni mpishi kwenye hoteli moja mjini Siem Reap, kule Kamboja, karibu kabisa na hekalu la Angkor. Ndiye aliyemtumia tiketi. Siku ya kuondoka, benchi zima lilimsindikiza mpaka kituoni na kumtwisha kazi: akaliangalie hilo Angkor vizuri, akirudi aseme lipi kubwa, lile au hili letu. Ubishi huo ulikuwa umedumu tangu mvua za mwaka juzi, na haukuwahi kupata shahidi.

Sasa shahidi alikuwa anapita njia za uani, kando ya mashamba ya mpunga, akiwa amefunika uso kwa kofia. Angeendelea hivyo hivyo kama si kwamba mkewe, Bu Lastri, hakuwepo. Alikwenda Wonosobo kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu, na nyumbani kahawa ikaisha. Mtu anaweza kuwakwepa watu, lakini kahawa ya asubuhi haikwepeki. Giyarto akajitokeza kona akitembea kama mtu anayepita tu.

Mbah Kasno alimwona kwanza. Huyo ndiye mkubwa wao kwa umri, ndiyo maana wanamwita Mbah, yaani babu, na jina lake la benchini ni Hakimu, maana hukata kesi ambazo hakuna aliyempelekea. Alimsogelea Betri, akapiga ubao kwa kiganja kuonyesha mahali pa kukaa. Betri ni Tukijan, mwenye gari la farasi la kubeba watalii. Anasinzia katikati ya sentensi na kuamka kwenye sentensi ya mtu mwingine, kama redio yenye betri zilizochoka.

— Kaa hapo, Punguzo, alisema Hakimu. Bu Warsi, mpe ya moto. Haya, lipi kubwa?

Giyarto akaomba aachwe machicha yatulie kwanza. Hakimu akasema machicha hayana kesi. Basi Giyarto akatoa simu, akatafuta picha, akampa. Alitumaini picha itamaliza mambo.

Ilikuwa picha yake mwenyewe. Amesimama na shati lake la batiki, lile la harusini, meno yote nje, na nyuma yake, mbali, minara ya Angkor imechomoza. Hakimu aliisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali. Akaweka kidole kwenye kioo, akapima.

— Limekwisha hilo, alitangaza. Hekalu lao zima linaingia kati ya sikio la Punguzo na bega lake. La kwetu lingemfunika mpaka miguu.

Bu Warsi, akikaanga tempe, vile vipande vya soya, alisema kwamba kitu cha mbali huonekana kidogo. Hata Hakimu akiwa kule sokoni anaonekana kama mtu mwenye adabu. Hakimu alikuwa kashaanza kueleza kwamba udogo wa Angkor haukumshangaza, kwa sababu anajua asili yake. Mfalme mmoja wa kule, zamani hizo, alikulia huku Java, akaliona letu, akarudi kwao na ramani kichwani. Lakini ramani ya kichwani hupungua njiani. Alipofika pwani alikuwa kashasahau ghorofa za chini.

Betri akaamka.

— Mawe yenyewe yalitoka huku, akasema. Tembo waliyavusha bahari.

— Tembo wanaogelea na mawe?

— Wanatembea chini, Mbah. Mkonga ndio uko juu, wanavuta hewa.

Hakimu alilitafakari hilo kwa heshima kubwa kuliko lilivyostahili, kisha akalipiku kwa hoja yake ya zamani. Alisema hekalu letu bado linakua. Kila masika linapanda kidogo, kama muhogo, ila watu hawaoni kwa sababu na wao wanazeeka wakipinda. La Angkor liliacha kukua siku lilipozungushiwa maji, kwa sababu mizizi ilioza. Betri akaunga mkono. Farasi wake siku hizi anahema akifika geti la hekalu, na zamani hakuwa akihema, kwa hiyo kilima kimepanda.

Giyarto alikuwa anacheka nao, huku akiitazama njia ya kuondokea. Maana Hakimu alikuwa amemgeukia tena, safari hii kwa upole, na upole wa Hakimu ndio mbaya. Alitaka kujua mambo ya ndani. Ngazi zikoje. Juu kabisa kuna nini. Ukisimama pale unaona mpaka wapi.

Giyarto akaizungusha bilauri yake.

— Sikuingia, akasema.

Fundi baiskeli, ambaye siku zote hujifanya hasikilizi, aliweka spana chini.

Ikabidi awaeleze yote. Wening alikuwa ameomba siku ya mapumziko ili amtembeze baba yake, lakini jikoni mtu mmoja akaugua, hakupewa. Akamwomba dereva wa hotelini, kijana mpole aitwaye Sambath, ampeleke mzee asubuhi na kumfuata jioni. Mlangoni Wening alimnyosha kola na kumpa maneno mawili: atembee taratibu, na asiwe na haraka na chochote, kwa sababu leo yeye ndiye mgeni. Giyarto alikubali. Alijisikia kama bwana harusi.

Alivuka ile njia ndefu ya mawe juu ya maji, jua likiwa nyuma ya minara, na kivuli cha hekalu kimelala mbele yake juu ya majani. Kila hatua aliyapanga maneno atakayoyasema benchini. Alipopita lango la nje, mkono wa kushoto, chini ya miti, palikuwa na safu ya vibanda. Na hapo mwanamke mmoja akamwita.

Hakuelewa maneno, lakini sauti aliielewa. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ule wimbo wa kupandisha mwishoni, ile huruma ya kujifanya, na lile neno moja la Kiingereza la kumwambia mgeni kwamba bei imeshuka. Na hapo Giyarto aligundua jambo lililomshtua: miguu yake ilikuwa inaongeza mwendo yenyewe, na macho yake yameng'ang'ania mbali, kama mtu aliyeona kitu muhimu sana mawinguni.

Miaka yote aliwaona wageni wakimfanyia hivyo, akasema ni majivuno. Kumbe si majivuno. Ni haya tu. Mtu anaogopa akikuangalia atashindwa kukukatalia.

Basi akasimama, akageuka, akamwangalia. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mfupi, skafu ya mirabamiraba kichwani, mdomo mwekundu kwa tambuu. Majirani walimwita Yeay, ndivyo wanavyowaita bibi zao kule. Giyarto aliinamisha kichwa kumsalimu. Nia yake ilikuwa kusalimu tu kisha aende zake hekaluni. Lakini jicho likaanguka kwenye meza.

— Ilikuwa imepangwa ovyo, ndugu zangu, aliwaambia benchini, na hata sasa uso wake ulionyesha maumivu. Skafu za hariri ziko chini kabisa, zimebanwa na suruali zenye picha za tembo. Zile sumaku za kubandika kwenye friji ziko juani, zinababuka.

Akachomoa skafu moja ya chini. Yeay akampiga kofi mkononi. Akaomba radhi kwa ishara, akaichomoa tena. Wakati huohuo wakapita wageni wawili, na Giyarto, kabla hajajua anafanya nini, akaishika ile skafu kwa pembe mbili na kuiachia upepo, kama anavyofanya na batiki zake hapa kila siku ya Mungu. Hariri ikajaa kama tanga. Wale wageni wakasimama. Walipoondoka, mmoja alikuwa ameivaa shingoni.

Yeay alizitia pesa mkobani. Kisha akaanza kuzitoa zile za chini zote.

Walifanya kazi bega kwa bega bila lugha. Giyarto akimwonyesha kitu, Yeay anaguna. Asipokubali, anatikisa kidole. Mara simu ya Yeay ikalia. Alisikiliza, uso ukabadilika, akaanza kuzungumza na mikono: akachora tumbo kubwa mbele ya tumbo lake, akalionyesha linashuka, akabembeleza hewa. Akamwonyesha Giyarto kigoda. Akaionyesha meza. Giyarto alitikisa kichwa kukubali, na ndipo alipoelewa alichokikubali, lakini Yeay alikuwa tayari nyuma ya pikipiki ya mtu, ameshika skafu yake isipeperuke.

— Akakuachia biashara yake, alisema Bu Warsi. Hakujui jina.

— Akaniachia.

— Na wewe ukakaa.

— Ningefanyaje, Bu? Mjukuu anazaliwa.

Akakaa. Mama wa kibanda cha jirani alimlinda kwanza kwa jicho la polisi, akihesabu kila anachokigusa, lakini mchana alimletea sahani ya wali na samaki. Wageni walikuja kwa makundi. Giyarto anajua kusema karibu kwa lugha nyingi, na katika zote hajui neno la pili, na hilo lilitosha. Upepo wa alasiri ulipozirusha skafu zake chini, alilalamika kwa Kijava, kwa nguvu kidogo. Mume na mke waliokuwa wanapita wakasimama ghafla. Walikuwa watu wa Semarang, huku kwetu Java.

Walifurahi mno kukuta mtu wa nyumbani anauza Angkor. Wakamuuliza ameishi pale muda gani. Giyarto akajibu kwamba amezoea. Wakamwomba awaeleze habari za hekalu, maana waongozaji walikuwa wanasema haraka. Akawaeleza. Aliwasimulia wafalme na mawe na nyota, na kila alichosema alikuwa amekisikia hapa Borobudur, kutoka kwa waongozaji wa hapa. Kilipoisha hicho, akaongeza na vya Hakimu.

Hakimu alinyanyua kidevu.

— Uliwaambia kuhusu muhogo?

— Niliwaambia, Mbah. Yule mama akaandika.

Benchi lilicheka mpaka farasi wa Betri akageuza kichwa. Hao wa Semarang ndio waliompiga ile picha. Hakimu akaichukua tena simu, akaitazama kwa namna mpya, kama mzazi wa kitu.

Kucheka kulipopoa, Giyarto alikunywa funda la kahawa. Kilichofuata hakikuwa rahisi kukisema mbele ya wanaume.

Yeay alirudi jua likiwa limeinama. Aliteremka kwenye pikipiki anacheka, akanyanyua kidole kimoja, akabembeleza hewa, akajishika nywele kuonyesha kwamba ni msichana. Aliiangalia meza ilivyopungua. Akaivua skafu yake mwenyewe kichwani, akaifunga shingoni mwa Giyarto, mafundo mawili, kama unavyomfunga mtoto anayekwenda shule. Walinzi walikuwa wameanza kuwatoa watu. Na kule langoni, pamoja na Sambath, alikuwa anakuja Wening, bado na aproni ya jikoni. Alikuwa ameomba kuondoka mapema ili amkute baba yake pale.

Alimuuliza alilionaje hekalu. Giyarto akasema ni zuri sana.

Wening akaanza kutabasamu, na hapo Yeay akamshika mkono na kummiminia kila kitu kwa Kikhmer. Wening anakijua Kikhmer. Giyarto alisimama katikati yao, akiona habari zake zinapita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, asiweze kuzizuia. Alipomaliza, Yeay akambusu Wening kwenye paji la uso, akaanza kufunga meza.

Wening alitangulia mbele mpaka walipofika ukingoni mwa maji. Huko ndiko alikokaa, akavua viatu.

— Baba, nilitaka siku moja tu usiuze kitu, alisema. Siku moja. Watu wengine ndio wakuhangaikie.

Giyarto naye alivua vyake. Alikaa kando yake. Ndege yake ilikuwa alfajiri. Kurudi hekaluni kesho haikuwezekana, na wote wawili walilijua hilo. Mwishowe alimwambia kile alichokiona, kwa sababu ndicho pekee alichokuwa nacho. Alikuwa amekaa siku nzima hekalu likiwa mgongoni. Lakini watu wote walikuwa wanakuja kwa mbele. Kila mmoja, akishatokeza lango la nje, analiona kwa mara ya kwanza, na Giyarto alikuwa anaziona nyuso zao wakati uleule. Mzungu mmoja mnene alivua kofia. Mtoto aliacha kulia. Mume na mke waliokuwa wanagombana tangu mbali walishikana mikono bila kutazamana. Siku nzima, uso baada ya uso.

— Nikamwambia, sijaliona ndani, mwanangu, lakini najua likoje.

Wening alimwegemea. Bega lake lilikuwa linatikisika, na Giyarto alichukua muda kujua kwamba anacheka. Alikuwa anacheka kwa kuiona ile sura ya baba yake na skafu ya bibi shingoni. Wakakaa hapo mpaka mlinzi akaja kuwafukuza, na mlinzi mwenyewe alisubiri kidogo kwanza.

Fundi baiskeli aliisafisha spana isiyokuwa chafu. Hakimu ndiye aliyejikohoza. Kazi ilikuwa haijaisha. Alisema kwamba kwa kuwa shahidi hakuingia, ushahidi ni wa nyuso, na nyuso zinaweza kulinganishwa. Leo mabasi yakifika, Betri akae getini, aangalie wageni wetu wanafungua midomo kiasi gani. Betri akauliza kama anaruhusiwa kupima kwa mdomo wa farasi. Wakaanza upya.

Hapo ndipo basi la Wonosobo lilipopita kona na kumteremsha Bu Lastri, na begi lake na kapu la viazi. Alimwona mumewe, akaja moja kwa moja. Hakuuliza habari ya hekalu. Aliweka kapu chini, akafuta jasho.

— Wening amekonda au amenenepa?

Giyarto alifungua mdomo. Alitafuta. Aliiona aproni, aliiona miguu mitupu ukingoni mwa maji, akakumbuka uzito wa kichwa begani mwake, lakini kukonda au kunenepa hakujua. Aliwaangalia wenzake. Hakimu alikuwa anachungulia machicha ya kahawa. Betri alisinzia kwa makusudi.

— Siku zote hizo kwa mwanao, alisema Bu Lastri. Ulikuwa unaangalia nini?

Hakungoja jibu. Aliichukua simu mkononi mwa Hakimu, akapiga, akaiweka sauti ya juu kwa sababu hajui kuiweka vingine. Kule Siem Reap vilisikika visu na mvuke. Wening alipoitika, mama yake alimuuliza swali lilelile, neno kwa neno.

— Nimenenepa, Mama. Aproni ya mwaka jana haifungi.

— Unasema kweli?

— Njoo uone mwenyewe. Nimechoka kutuma tiketi unazozikataa.

Benchi zima lilijua kwamba Bu Lastri hajawahi kupanda ndege na aliapa hatapanda. Alisema chombo kisichoweza kusimama njiani kushusha mtu hakiaminiki. Walisubiri aape tena. Alitazama simu, kisha akamtazama mumewe, na kwenye uso wake Giyarto aliona kitu alichokiona mara nyingi sana siku ile, pale chini ya miti, na kabla mkewe hajasema chochote, Giyarto alianza kutabasamu.

— Nitakuja, Bu Lastri aliiambia simu. Lakini tiketi nitakata mwenyewe. Rudi kazini, usiunguze chakula cha watu.

Akakata. Akawageukia wanaume.

— Haya, nyinyi wajuzi. Tiketi ya ndege inakatwa wapi?

Hakimu alisema posta. Betri, macho bado yamefumbwa, alisema pale kituo cha mabasi, dirisha la mwisho, lile lililofungwa siku zote, ndiyo maana limefungwa. Fundi baiskeli, kwa mara ya kwanza mwaka ule, alichangia: alisikia kwamba unaenda tu uwanjani mapema na kupanga foleni. Giyarto, msafiri, alikiri kwamba yake ilikuja kwenye simu na hajui ilipitia wapi. Bu Lastri aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akavuta kapu lake la viazi, akakaa benchini katikati ya Hakimu na Betri, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kukaa, akamwambia Bu Warsi amletee ya moto.

— Maji ya moto yamekwisha, alisema Bu Warsi, akilipindua birika waone. Wameyamaliza hawa.

— Basi chemsha mengine, alisema Bu Lastri. Sina haraka.